Niliyoyatafsiri na Niliyoyaacha

Juma lililopita mwanafunzi wangu wa mwaka wa pili alibisha hodi ofisini akiwa na karatasi mbili mkononi. Ya kwanza ilikuwa barua kutoka kwa kanisa moja la Marekani linalotarajia kutuma msafara nchini mwezi wa sita kutembelea kituo cha watoto yatima. Ya pili ilikuwa fomu ya mdhamini, yenye nafasi ya saini ya mhadhiri anayemfahamu mwombaji. Wageni hao wanamtaka awe mkalimani wao kwa siku kumi na mbili, kwa malipo ambayo, nikisema kweli, yanazidi fedha anazotumia kwa chakula muhula mzima.

"Shikamoo Dokta," alisema, na kabla sijamaliza kuitikia akaongeza, "nasikia na wewe uliwahi kuifanya kazi hii. Ni ngumu?"

Nilimwambia aache fomu mezani na arudi Ijumaa. Haya ninayoyaandika ndiyo jibu nililoshindwa kumpa siku ile.

Nilikwenda Ohio mwaka 2009 kusomea shahada ya uzamivu. Majira ya baridi yalinikuta na koti nililolinunua mtumbani Karume, koti ambalo kwa upepo wa huko lilikuwa sawa na kujifunga kitenge. Mtu wa kwanza kuliona hilo hakuwa mwalimu wangu wala ofisi ya wanafunzi wa kigeni. Alikuwa mama mmoja wa makamo, muuguzi mstaafu, aliyeketi nyuma yangu kanisani Jumapili ya pili. Ibada ilipokwisha alinipakia kwenye gari lake, akanipeleka dukani, akaninunulia koti, glavu na viatu vya theluji. Hakuniuliza swali lolote isipokuwa saizi ya mguu. Tangu siku hiyo nikawa na watu. Sikukuu zao nilikula nao, nilipougua waliniletea supu, na nilipofiwa na babu yangu walikaa nami usiku kucha kama wanavyokaa majirani kwetu. Naandika haya mapema ili msomaji asije akadhani nina ugomvi na watu hawa. Sina. Yaliyofuata yasingekuwa mazito kwangu kama wangekuwa watu wabaya.

Mwaka 2011 kanisa hilo liliamua kutuma msafara Tanzania, kwenye kituo kimoja cha watoto nje kidogo ya mji wa Arusha ambacho lilikuwa likikichangia. Waliniomba nifuatane nao kama mkalimani, nauli juu yao. Sikuwa nimeiona nchi yangu kwa miaka miwili. Nilikubali kabla sentensi haijaisha.

Tulikuwa na fulana za rangi ya machungwa, ramani ya Afrika nzima kifuani na aya ya Biblia mgongoni, ingawa tulikuwa tunakwenda kata moja tu. Katika uwanja wa ndege wa Kilimanjaro afisa uhamiaji aliitazama pasi yangu ya Tanzania, akaitazama fulana, kisha akaniuliza kwa upole wenye kejeli ndani yake: "Na wewe mzee umekuja kuwaona yatima?" Nilicheka. Sikuwa na jibu lingine.

Wageni walikuwa kumi na wanne. Kila mmoja alichangisha dola 3,200, kwa kuosha magari, kuuza keki na kuwaandikia ndugu barua. Jumla yake ni dola 44,800, karibu shilingi milioni 70 kwa bei ya dola ya wakati ule. Hesabu hiyo sikuifanya njiani. Niliifanya baadaye sana, nikiwa peke yangu.

Basi dogo lilipoingia getini watoto walikuwa wamepangwa mistari miwili, wakiimba. Wimbo ulipokwisha walitawanyika na kutukimbilia. Msichana wa miaka mitatu au minne aliushika mkono wangu, akaukumbatia mguu wangu, akataka nimbebe. Hakulijua jina langu. Wenzangu walikuwa wakilia kwa furaha, na mmoja akanambia kwamba hajawahi kuona watoto wenye upendo kiasi hiki. Nilitikisa kichwa kukubali, lakini kuna kitu kilinikwaruza. Nimekulia kijijini, na watoto wa umri ule ninawajua. Mtoto aliyelelewa nyumbani akimwona mgeni hujificha nyuma ya khanga ya mama yake, akachungulia kwa jicho moja, na itachukua pipi mbili na nusu saa kabla hajakubali kukuambia jina lake. Huyu wangu hakuwa na khanga ya kujificha nyuma yake.

Baadaye nilisoma juu ya watoto wa Romania. Utawala wa Ceaușescu ulipoanguka Desemba 1989, dunia ilikuta zaidi ya watoto laki moja katika makao ya serikali. Mwaka 2000 watafiti wa Kimarekani walianza mjini Bucharest utafiti wa watoto 136 waliokuwa wakiishi katika makao hayo. Nusu yao walipelekwa kwa familia za kambo zilizoandaliwa kwa kazi hiyo, nusu wakaendelea na malezi ya kawaida ya wakati huo. Waliopata familia, hasa waliozipata kabla ya kutimiza miaka miwili, waliendelea vizuri zaidi kiakili na katika uwezo wa kushikamana na mlezi mmoja. Na katika maandiko ya fani hiyo, tabia ya mtoto kumrukia kila mgeni bila kuchagua imeandikwa mara nyingi sana, nayo haihesabiwi kuwa ukarimu. Ni dalili ya mtoto ambaye wanaomshika hubadilika mno hata akaacha kumngoja mmoja wao. Sisi tulikuwa hapo kwa siku tisa. Baada yetu lingekuja kundi jingine, na msichana yule angeushika mguu mwingine.

Siku ya nne ndiyo iliyonileta hapa.

Mchana huo kila mgeni alipewa mtoto wa "kumfahamu", na mimi nikawa nikizunguka kutoka jozi hadi jozi nikitafsiri. Yule muuguzi mstaafu, mama wa koti langu, alikuwa ameketi kwenye benchi chini ya mti na mvulana wa darasa la pili. Asubuhi nilikuwa nimemsikia mvulana huyo akijitambulisha mbele ya wageni kwa Kiingereza cha kukariri: jina lake, umri wake, kwamba yeye ni yatima, kwamba anampenda Yesu, kwamba anashukuru. Alisema yote kwa pumzi moja, kama mtoto asemavyo jedwali la kuzidisha. Sasa yule mama akaniomba nimuulize, taratibu, kama anawakumbuka wazazi wake.

Nilimuuliza. Mvulana alinitazama, akamtazama yeye, akanitazama tena. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza katika siku zile mtu mwenye fulana ya machungwa kumuuliza jambo kwa Kiswahili akitaka jibu.

"Mama yupo," alisema. "Anauza mchicha sokoni Babati. Alisema atanifuata nikifika darasa la nne."

Kwa Kiingereza alikuwa yatima. Kwa Kiswahili alikuwa na mama. Na katikati ya lugha hizo mbili nilikuwa nimesimama mimi, mtu aliyelipiwa nauli.

Nikamgeukia yule mama nikasema: "Anasema anamkumbuka sana mama yake."

Machozi yalimtoka. Alimvuta mtoto kifuani. Mvulana, aliyekuwa amelisikia neno moja analolijua katika Kiingereza changu, alinitazama juu ya bega la mgeni akisubiri sehemu iliyobaki. Sikuisema. Nikaenda kwenye benchi la pili.

Nimefundisha nadharia za tafsiri, na ninajua namna ya kukitetea nilichokifanya. Ningeweza kusema kwamba sentensi yangu haikuwa uongo. Ningeweza kusema kwamba neno "mama" kwetu ni pana, kwamba mtoto huweza kumwita hivyo mama mkubwa au mama mdogo aliyemlea, na mkalimani mwangalifu hukisia kabla ya kutamka. Lakini sikuwa ninakisia. Nilijua alichosema. Nilikiacha kwa sababu nilimwogopea yule mama aibu, na kwa sababu nilikuwa nimevaa koti lake majira mawili ya baridi.

Jioni nilimfuata msimamizi wa kituo, mama mtu mzima mwenye sauti ndogo. Nilimwamkia, akaitikia, akanikaribisha chai. Nilipomweleza niliyoyasikia hakushtuka wala hakukana.

"Baba, wewe ni wa nyumbani," aliniambia. "Si kila neno linapelekwa kwa mgeni."

Kisha akaniambia mambo ambayo nayaeleza kwa haki yake. Alianza miaka ya tisini, UKIMWI ulipokuwa ukizoa watu kijijini kwao, kwa kuwachukua watoto wanne wa jirani waliobaki peke yao ndani ya nyumba. Aliwalea jikoni kwake, bila mfadhili. Wageni walikuja baadaye, na walipokuja walileta vitanda, na vitanda vikatafuta watoto. Ndivyo alivyosema, vitanda vikatafuta watoto. Wazazi wakasikia kwamba kuna mahali mtoto anakula mara tatu na anasoma bila kudaiwa. Sasa alikuwa na watoto 46, na wasio na mtu kabisa, kwa kuwahesabu kwa vidole mbele yangu, walikuwa sita. Nilimuuliza kwa nini basi wote wanafundishwa kusema wao ni yatima. Akanijibu kwa swali: "Nikimwambia mzungu ana mama, atatoa hela?" Wazazi waliombwa wasije kutembelea miezi ya wageni.

Yule mvulana aliletwa kwa sababu ya michango. Wakumbuke wasomaji wangu vijana kwamba ada ya shule ya msingi ilikuwa imefutwa tangu 2001, lakini michango haikufutwa: dawati, mlinzi, uji, mitihani. Waraka wa elimu bila malipo ulianza kutumika Januari 2016. Mwaka 2011 mama anayeuza mchicha aliweza kushindwa na sare na michango ya mtoto mmoja, akamtoa mtoto.

Neno "yatima" tumelipata katika Kiarabu, na katika fiqhi ya Kiislamu maana yake ni mtoto aliyefiwa na baba kabla ya kubalehe. Shirika la UNICEF huhesabu kuwa yatima mtoto yeyote chini ya miaka 18 aliyepoteza mzazi mmoja au wote wawili. Kwa hiyo tarakimu kubwa za yatima zinazosomwa makanisani ughaibuni zimejaa watoto wenye mama, na mgeni anayezisikia huona akilini mtoto asiye na mtu. Ripoti ya Save the Children ya mwaka 2009 ilieleza kwamba duniani kote walau watoto wanne kati ya watano walioko katika makao ya namna hii wana mzazi mmoja aliye hai au zaidi. Kituo chetu hakikuwa cha ajabu. Kilikuwa cha kawaida.

Watu wa Ohio hawakuwa wajinga wa hatari hizi. Mwaka mmoja kabla ya safari yetu, siku chache baada ya tetemeko la Haiti la Januari 12, 2010, Wamarekani kumi, wengi wao waumini wa makanisa ya Kibaptisti ya Idaho, walizuiwa wakijaribu kuvuka mpaka kwenda Jamhuri ya Dominika na watoto 33 bila vibali. Walisema wanaokoa yatima. Waandishi wa habari walipofuatilia walikuta wazazi, hai, waliowatoa watoto wao wakiahidiwa shule. Kanisani kwetu habari hiyo ilizungumzwa kwa masikitiko, na nakumbuka kiongozi wa msafara akisema: "Sisi hatumchukui mtoto popote. Tunakwenda kumpenda mahali alipo." Wote tulitulizwa na maneno hayo, nami nikiwemo. Haikutujia kwamba "mahali alipo" palikuwa tayari ni mbali na kwao, na kwamba alikuwa ameletwa pale ili sisi tumkute.

Tangu wakati ule mengi yameandikwa katika sheria. Mwaka 2017 Kenya ilisimamisha usajili wa taasisi mpya za kulelea watoto, na mwaka 2022 ikazindua mkakati wa miaka kumi wa kuwarejesha watoto katika familia. Australia, katika sheria yake ya mwaka 2018 dhidi ya utumwa wa kisasa, ilitambua kwamba kuwakusanya watoto makaoni kwa ajili ya fedha za wageni kunaweza kuwa usafirishaji haramu wa binadamu. Desemba 2019 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio linalotaja kwa jina madhara ya utalii wa namna hii. Na sisi tulikuwa na yetu mapema: Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya kuishi na wazazi au walezi wake, na Kanuni za Makao ya Watoto zilifuata mwaka 2012. Nawaambia maafisa ustawi wa jamii wanaosoma hapa, nikijua kwamba wengi wenu hamna hata pikipiki ya kuzungukia kata zenu: sheria hiyo mnayo mkononi, na swali la kwanza mtakalouliza getini si choo kiko wapi bali mama yake yuko wapi.

Wala tusiwaachie wageni mzigo wote. Idara yangu mwenyewe, miaka mitatu iliyopita, ilikwenda kituo kimoja cha mjini kuadhimisha sikukuu, na katoni za sabuni, sukari na mafuta ya kula. Tulipiga picha. Watoto waliimba. Benki hufanya hivyo, halmashauri hufanya hivyo, siku hizi hata wenye sherehe za kuzaliwa hukata keki huko. Mkuu wa idara aliponiomba nitoe neno la shukrani nililitoa, kwa ufasaha, kama ninavyojua kufanya. Nilipokaa chini mke wangu, tuliyefuatana naye, aliniuliza kwa sauti ya chini kama nimewauliza. Alikuwa akiijua habari ya Babati. Sikuwa nimewauliza.

Tuliporudi Ohio palikuwa na Jumapili ya kutoa taarifa. Picha ya yule mvulana ilijaa ukutani, kubwa kuliko mlango, akiwa kifuani mwa mama wa koti langu. Kiongozi alisimulia jinsi mtoto alivyosema anamkumbuka mama yake. Watu walipangusa macho. Kisha nikaombwa niseme maneno machache kama Mtanzania. Nilishukuru kwa niaba ya watoto. Hiyo ilikuwa mara ya pili, na mara hii sikuwa na kisingizio cha kushtukizwa.

Nilimaliza masomo nikarudi nyumbani mwaka 2013. Mwaka huohuo nilipita kituoni. Mvulana hakuwepo. Msimamizi alisema mama yake alikuja kumchukua mwanzoni mwa mwaka, akiwa anaingia darasa la nne, kama alivyoahidi. Nilitoka pale nikiwa mwepesi kwa muda wa dakika kumi hivi, mpaka nilipofika barabara ya lami na kukumbuka kwamba kila mwezi, tangu tulipoondoka, yule muuguzi mstaafu alikuwa akituma dola 35 kwa jina la mtoto huyo.

Ilinichukua miaka mingine minane kumwandikia. Nilimweleza yote: benchi, mchicha, sentensi yangu. Nilimwambia nilinyamaza kwa sababu nilidhani ukweli ungemvunja moyo, na kwamba kituo kingepoteza msaada. Jibu lake lilikuja baada ya siku sita, fupi. Hakunilaumu kwa fedha. Aliandika kwamba katika maisha yake yote ya kazi alikuwa amewahudumia akina mama walioshindwa kulipa kodi ya nyumba, na hakumwambia hata mmoja wao ampeleke mtoto kwa watu wengine. "Ungeniambia," aliandika, "ningekuomba unipeleke Babati."

Kutoka Arusha hadi Babati si mbali. Hata kwa barabara ya mwaka ule tungekwenda na kurudi siku moja, na siku ya saba ya ratiba yetu ilikuwa ya mapumziko: tulikwenda kuona tembo Tarangire, njia hiyohiyo ya Babati, tukageukia getini.

Msimamizi alidhani wageni hawawezi kumsaidia mtoto mwenye mama. Mimi nilidhani hivyohivyo, nami nilikuwa nimekula mezani kwao miaka miwili. Labda wengine katika wale kumi na wanne wangefunga mikoba yao. Huyu asingefunga. Nilimnyima nafasi ya kuwa mtu niliyekwisha kumjua kuwa ndiye, na mvulana nilimnyima jambo dogo zaidi, yaani maneno yake mwenyewe yafike yalikokuwa yakienda.

Ijumaa mwanafunzi wangu alirudi. Nilimsimulia, kwa ufupi kuliko hapa. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kisha akauliza swali la mtu mwenye kodi ya chumba ya kulipa: "Sasa Dokta, nikitafsiri kila kitu, wakakasirika wakanirudisha siku ya pili?"

Nilimwambia hilo linaweza kutokea. Nikamwambia awaandikie sasa, kabla hawajakata tiketi, awaulize kituo hicho kimesajiliwa na nani, watoto wangapi wana wazazi, na kama wazazi huruhusiwa kuja wageni wakiwepo. Tuliiandika barua hiyo pamoja pale mezani, yeye akichapa, nami nikirekebisha viambishi vya Kiingereza chake. Fomu nimeisaini. Hadi ninapoandika hawajamjibu.